Maziwa na Pumzi ya Mto

Katika vyakula vyote alivyoruzukiwa mwanadamu, hapana kilichosifiwa kwa weupe, kwa utamu na kwa baraka kama maziwa. Mtoto huyapokea kabla hajalijua jina lake. Mgonjwa hupewa wakati vyakula vingine vimemshinda. Mgeni wa mfugaji hukaribishwa kwa kibuyu cha maziwa kabla ya kuulizwa haja iliyomleta. Na mtu akitaka kukisifu kitu kwa usafi husema ni cheupe kama maziwa. Kwa sababu hiyo, mtu akiambiwa kwamba maziwa haya haya, yakimwagwa mtoni kwa wingi, huua samaki, hunuka kuliko mzoga, na kugeuza maji ya kunywa kuwa maji ya kukimbiwa, huona muhali kusadiki. Lakini hiyo ndiyo kweli, na watu waliijua kwa hasara, baada ya vijito vingi kuharibika mbele ya macho yao. Nia yangu katika maneno haya ni kusimulia jinsi walivyoijua kweli hiyo, walivyoipima, na walivyojifunza kuyatakasa maji yanayotoka katika viwanda vya maziwa. Kwa maana ni habari yenye faida kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao tunahitaji viwanda hivyo na tunahitaji mito yetu pia, wala hatuna wasaa wa kupoteza kimoja ili tupate kingine.

Zama za kale adha hii haikuwako, wala si kwa sababu wazee wetu au wazee wa Ulaya walikuwa wasafi kuliko sisi, bali kwa sababu maziwa hayakupata kukusanywa kwa wingi mahali pamoja. Mke wa mkulima wa Ulaya aliyatandaza maziwa katika mabakuli mapana, akangoja usiku kucha malai yapande juu, akayaengua kwa kijiko, na yaliyobaki chini akawapa ndama; na alipofanya jibini, maji ya rangi ya kijani kibichi iliyopauka yaliyojitenga na donge aliwamwagia nguruwe katika hori lao. Huku kwetu, Wakalenjin walikisafisha kibuyu cha mursik, yaani maziwa yao ya mgando, kwa makaa ya mti uliochaguliwa, na Wamasai walikisugua chao kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni. Kazi hiyo ilitumia moto na moshi zaidi ya maji, na kibuyu kikatoka kikavu, safi, na chenye harufu njema. Nyumba moja haikupoteza zaidi ya matone machache kwa siku, na matone hayo yakanyweka ardhini bila ya mtu yeyote kuyahisi.

Mambo yaligeuka katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1851, karibu na mji wa Rome katika jimbo la New York, mkulima aitwaye Jesse Williams alianza kukusanya maziwa ya mwanawe na ya majirani pamoja na yake mwenyewe, akayafanya jibini chini ya paa moja. Na kwa kuwa jibini lake lilikuwa la namna moja siku zote, watu wakalipenda, wengine wakamwiga, na viwanda vya jibini vikaenea. Mwaka 1878 Gustaf de Laval, mhandisi wa Sweden, akaunda mashine iliyotenga malai na maziwa kwa mzunguko wa kasi, hata kazi iliyohitaji usiku mzima ikamalizika kwa dakika chache, na maziwa yakaweza kupita humo mfululizo kama maji ya mfereji. Tangu hapo maziwa ya vijiji kumi yaliweza kukutana katika nyumba moja kila asubuhi, na nyumba hiyo, kwa kuwa ilihitaji maji mengi ya kuoshea na ya kupozea, aghalabu ilijengwa ukingoni mwa kijito. Chaguo hilo la mahali, lililofanywa kwa urahisi wa kazi tu, ndilo lililoileta tufani.

Naomba msomaji achukue kopo la maziwa lililokwisha kumiminwa, alielekeze kwenye mwanga, achungulie ndani. Ataona utando mweupe umeshika ubavuni tangu shingoni hadi kitakoni, na tone moja zito likiteremka polepole, likikusanyika na wenzake chini. Kopo hilo likisuuzwa, maji hutoka kama maji ya chokaa iliyokorogwa. Kwa macho ni kitu kidogo kisichostahili kusemwa. Lakini kiwanda husuuza mamia ya makopo, kisha mabirika, kisha mabomba, kisha mashine, kisha sakafu ambako daima pamemwagika kitu. Na utando ule mdogo, ukizidishwa mara mamia, huwa mto mweupe unaoelekea kwenye mto halisi. Fauka ya hayo yako maji ya jibini, ambayo ni mengi kuliko jibini lenyewe, kwani lita 10 za maziwa hutoa kadiri ya kilo moja ya jibini, na lita 9 zinazosalia ni maji hayo, yenye sukari ya maziwa karibu yote.

Sasa tutazame yanayotukia mtoni. Mto nao hupumua. Samaki, kamba, na vijidudu visivyoonekana kwa jicho huishi kwa oksijeni iliyoyeyuka majini, na akiba hiyo ni haba mno: lita moja ya maji safi, kwa joto la nyuzi 20, huwa na miligramu 9 tu. Maziwa yaingiapo, bakteria hukuta karamu ambayo hawajapata kuiona, sukari na mafuta na protini kwa pamoja. Hula, huzaana kwa maelfu ya maelfu, na katika kula kwao huivuta oksijeni kama moto uvutavyo hewa. Lita moja ya maziwa, ili iliwe mpaka iishe, hudai kadiri ya gramu 100 za oksijeni, yaani yote iliyomo katika lita 11,000 za maji ya mto. Ikisha oksijeni, samaki hupanda juu wakitweta, kisha hugeuka matumbo juu. Sukari iliyobaki huchacha ikawa asidi. Asidi huigandisha protini, nayo huzama chini katika mabonge meupe ambayo kwa siku chache huwa tope jeusi, likitoa harufu ya mayai viza na ya siagi iliyooza. Na juu ya mawe huota nyuzi za kijivu zinazoyumba majini mithili ya sufu ya kondoo aliyelowa. Hakuna sumu iliyotiwa hapo. Mto umekufa kwa kulishwa kupita kiasi, na mtu asiyelielewa jambo hili hawezi kuelewa lolote katika historia inayofuata.

Watu wa kwanza kulielewa kwa hesabu walikuwa Waingereza, kwa kuwa ndio waliokuwa wa kwanza kuichafua mito yao kwa viwanda. Mwaka 1898 serikali yao iliunda Tume ya Kifalme juu ya majitaka, na tume hiyo ikakaa kazini mpaka 1915, ikitoa ripoti moja baada ya nyingine. Katika ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, iliweka mizani ambayo dunia nzima inaitumia hata leo: maji hutiwa chupani, hufungwa, huwekwa siku 5 katika joto maalumu, na oksijeni hupimwa mwanzo na mwisho, iliyopungua ndiyo iliyoliwa, na kiasi hicho huitwa kwa herufi BOD, ambayo mimi napenda kuiita kiu ya maji. Tume ikasema mto ulio safi huwa na kiu ya miligramu 2 kwa lita, na usivuke 4 usije ukaharibika. Kisha ikahukumu kwamba maji yaliyotakaswa yasizidi miligramu 20, kwa sharti kwamba mto unaoyapokea uwe na maji mara 8 ya hayo. Mwenye kutaka ithibati na apige hesabu: sehemu 8 za maji yenye 2, na sehemu moja yenye 20, zikichanganywa hutoa 4 barabara. Katika mizani hiyo hiyo majitaka ya mji huwa na kiu ya mia mbili au mia tatu, maji ya jibini hupita 30,000, na maziwa hufika 100,000. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kiwanda kidogo cha maziwa, chenye mafundi kumi, kingeweza kuwa mzigo kwa mto kuliko mji mzima.

Baada ya kupima, ikabaki kutibu. Dawa moja iliyokwisha kujulikana ilikuwa kichujio cha mawe: birika pana lililojazwa kokoto, na maji machafu yakinyunyizwa juu yake kwa mikono inayozunguka, yakateremka polepole kati ya mawe ambayo yameota utando wa utelezi. Jina la kichujio halistahili, maana mawe hayachuji kitu. Ni utando ule uliojaa vijidudu ndio unaokula uchafu, huku hewa ikipita kati ya mawe na kuwapa pumzi. Dawa ya pili ilizaliwa Manchester. Gilbert Fowler, aliyekuwa mshauri wa kemia wa mji huo, alizuru mwaka 1912 kituo cha majaribio cha Lawrence katika Massachusetts, akaona chupa za majitaka zilizokuwa zikipulizwa hewa. Aliporudi akawaelekeza vijana wawili wa maabara ya Davyhulme, Edward Ardern na William Lockett, wajaribu jambo hilo.

Vijana wale walitia majitaka katika chupa, wakazifunika kwa karatasi ya kahawia ili mwanga usiingie, wakapitisha hewa ndani yake usiku na mchana. Mara ya kwanza yalichukua wiki tano hivi kutakasika, na mtu asiye na subira angesema shauri hili halina maana. Wao hawakufanya hivyo. Waliacha chupa itulie, wakamwaga maji safi yaliyo juu, wakaliacha tope la kahawia lililo chini, ambalo kila mtu kabla yao alilitupa kwa kuliona taka, kisha wakajaza majitaka mapya juu yake. Mara hii kazi ikawa fupi zaidi. Na walivyorudia, ikazidi kufupika, mpaka yale ya wiki tano yakamalizika kwa saa chini ya 24. Tarehe 3 Aprili 1914 walisoma habari zao mbele ya wanakemia wenzao mjini Manchester, na kulipa tope lile jina ambalo kwa lugha yetu ni sawa kuliita tope hai. Siri yote ilikuwa pale: kile walichokuwa wakikitupa ndicho kilichokuwa kikifanya kazi.

Hata hivyo maziwa hayakukubali kutibiwa kwa wepesi kama majitaka ya mji. Mafuta yake yaliyapaka mawe ya kichujio kama samli inavyopaka sufuria, na utando, kwa kushiba chakula kingi mno, ukanenepa hata ukaziba nafasi zote kati ya mawe. Maji yakasimama juu katika vidimbwi, hewa ikakosa njia, na kichujio kikaanza kunuka kama kijito kilichokusudiwa kuokolewa. Ikawa jambo la dharura Uingereza baada ya 1933, wakati bodi ya kuuza maziwa ilipoundwa na maziwa mengi kupita viwandani. Bodi ya utafiti wa uchafuzi wa maji, iliyoundwa na serikali mwaka 1927, iliwashughulisha wataalamu wake na tatizo hilo, na jawabu walilolipata ni la hekima kwa wepesi wake. Waliweka vichujio viwili, maji yakapita cha kwanza kisha cha pili. Na cha kwanza kilipoanza kunenepa, waligeuza mpango, kile kilichokuwa cha pili kikawa cha kwanza. Kichujio kilichoshiba kikapokea sasa maji yaliyokwisha kutakaswa nusu; utando wake ukakosa chakula, ukalegea, ukabanduka na kutoka na maji, na kichujio kikapona. Kabla ya hapo watu walidhani dawa ya kichujio kilichoziba ni kukilisha kidogo siku zote, kumbe dawa yake ni kukifungisha kwa zamu.

Hatua kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilipigwa Marekani, nayo ndiyo iliyoifanya elimu ya maji ya maziwa kuwa mwalimu wa elimu nyingine. Katika Wyndmoor, kando ya Philadelphia, idara ya kilimo ya nchi hiyo ilikuwa na maabara iliyoundwa kutafuta matumizi mapya ya mazao ya wakulima. Na hapo, baada ya vita vikuu vya pili, Sam Hoover, Nandor Porges na Lenore Jasewicz walikabidhiwa taka za viwanda vya maziwa. Hawakuanza na ujenzi wa mabirika. Walianza kwa kuuliza swali ambalo wahandisi kabla yao waliliruka: vijidudu wanapokula maziwa, maziwa huenda wapi? Walitengeneza maji yenye maziwa yaliyoenguliwa malai, gramu moja ya unga wake katika kila lita, wakawalisha vijidudu wa tope hai na kuwapulizia hewa, wakahesabu kila chembe ya kaboni iliyoingia na kila iliyotoka, kama karani mwaminifu ahesabuvyo fedha za watu.

Wakaona kwamba maziwa hupotea majini kwa saa chache tu, upesi kuliko walivyotazamia watu, lakini kupotea kwake si kuteketea kote. Sehemu moja vijidudu huichoma ili wapate nguvu, ikawa hewa ya kaboni na maji. Sehemu nyingine huigeuza ikawa miili yao wenyewe. Ndipo baadaye, wakikosa chakula na hewa ikizidi kupulizwa, huanza kuila miili yao polepole, na tope likapungua. Mwaka 1952 Hoover na Porges walitoa mlinganyo wao, na ndani yake waliandika umbo la mwili wa kijidudu kwa herufi za kemia: kaboni 5, hidrojeni 7, nitrojeni 1 na oksijeni 2. Kwa umbo hilo mhandisi aweza kupiga hesabu kwamba kila gramu ya tope kavu, ikiteketezwa yote, itadai gramu 1.42 za oksijeni; aweza kujua mapema mashine yake ya hewa iwe na nguvu kiasi gani, na tope litakalomlazimu kuliondoa ni kiasi gani. Mwanafunzi wa leo wa uhandisi wa majitaka, awe Nairobi, Delhi au Berlin, hulikuta umbo hilo katika kitabu chake na hulitumia kwa majitaka ya miji mikubwa, na aghalabu hajui kwamba lilitoka katika chupa ya maziwa ya unga. Nalisema hili kwa heshima ya wale watatu, kwa kuwa kazi ya kutazama taka haina sifa mbele za watu, na anayeifanya kwa insafu anastahili kukumbukwa.

Mengine nitayapita kwa haraka. Uholanzi, mwaka 1954, Aale Pasveer alichimba katika Voorschoten mfereji wa mviringo uliofanana na uwanja wa mbio za farasi, maji yakizungushwa na kupigwa hewa na brashi kubwa, akaonyesha kwamba kijiji au kiwanda kisicho na mali nyingi kinaweza kuwa na tope hai bila ya mitambo ya fahari. Katika miaka ya 1970, Gatze Lettinga wa Wageningen alielekea upande wa pili: badala ya kuwapa vijidudu hewa, aliwanyima kabisa, akawaacha wale wasiohitaji oksijeni wafanye kazi, na wao wakatoa gesi ya methani iwezayo kuchemsha maji ya kiwanda, ingawa mafuta ya maziwa huwasumbua vijidudu hao, na sharti yaondolewe kwanza. Maji ya jibini nayo yakaacha kuwa taka: kule Carbery, katika wilaya ya Cork huko Ireland, tangu 1978 sukari yake imechachushwa ikawa spiriti, na kwingineko protini yake huchujwa kwa ngozi zenye vitundu vidogo mno, ikakaushwa na kuuzwa kwa bei inayoshindana na ya jibini lenyewe. Mkulima wa kale aliyemwagia nguruwe alijua thamani ya maji yale; kiwanda kilihitaji zaidi ya miaka mia moja kuikumbuka.

Huku kwetu kiwanda cha maziwa kilifika pamoja na walowezi wa nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1925 chama cha ushirika cha KCC kiliundwa Naivasha, na baada ya uhuru wafugaji wadogo, kina mama wengi miongoni mwao, ndio waliokuwa nguzo ya maziwa ya nchi. Leo kila alfajiri, kuanzia miinuko ya Bonde la Ufa hadi Tanga na Mbarara, baiskeli, pikipiki na malori hubeba makopo kuelekea viwandani, na hiyo ni riziki ya watu ambao hatuna haki ya kuwazuilia. Sheria nazo zimekuja: kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji yanayomwagwa katika mazingira yasiwe na kiu zaidi ya miligramu 30 kwa lita, na Tanzania iliweka kiwango hicho hicho. Ukikikumbuka kile cha Waingereza cha 20 utaona kwamba kiwango chetu ni jamaa yake wa karibu, mjukuu wa ile ripoti ya 1912.

Lakini mjukuu huyu anaishi katika nchi nyingine, na hapa ndipo penye neno langu hasa. Hesabu ya Waingereza ilisimama juu ya mto wenye maji mara 8, katika nchi ambayo mvua hunyesha mwaka mzima. Mito yetu mingi wakati wa kiangazi hubaki uzi mwembamba kati ya mawe, na kiwanda hakipunguzi kuosha kwa sababu ni kiangazi. Hivyo mwezi ambao mto una maji kidogo kabisa ndio mwezi unaopokea uchafu kwa kadiri ile ile. Maziwa kama Naivasha na Nakuru, katika Bonde la Ufa, hayana mto unaotoka, na uchafu mwingi unaoingia humo hubaki humo. Maji yenye joto nayo hushika oksijeni haba: kwa nyuzi 10 lita hubeba miligramu 11, kwa nyuzi 30 haifiki 8, na kwenye miinuko ambako joto si kali hewa nayo ni nyepesi, ikapunguza akiba hiyo hiyo, na katika joto vijidudu hula kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kiwango kilicho haki huko kinaweza kuwa taksiri hapa, na msimamizi atazamaye karatasi peke yake, asiutazame mto wa mwezi wa Februari, hajamaliza wajibu wake.

Neema pia tunayo, maana joto hilo hilo linaloudhulumu mto ni rafiki wa mtambo wa kutakasa. Vijidudu wasiohitaji hewa, ambao Ulaya hulazimika kupashwa moto, huku hufanya kazi bila ya kuni. Na mabwawa mapana, ambamo mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua bila ya kulipa hata senti ya umeme, yanafaa katika nchi yetu kuliko kule yalikotoka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mabwawa ya namna hii na juu ya vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete, na elimu hiyo i karibu na mlango wa kila mwenye kiwanda.

Hata hivyo mtambo mzuri kuliko wote ni ule ambao kazi yake ni ndogo, na hili ndilo fundisho linalopita katikati ya historia hii yote tangu kopo la kwanza. Kiwanda kinachopokea lita 100,000 kwa siku, kikipoteza lita moja tu katika kila mia, hupeleka kwenye mfereji lita 1,000 za maziwa, na uchafu wake ni sawa na wa watu zaidi ya 1,600. Lita hizo zilinunuliwa kwa mfugaji kwa fedha. Zikimwagika zimepotea mara mbili, mara ya kwanza katika daftari la kiwanda na mara ya pili katika mto. Kopo liachwe lidondoke kwa dakika moja zaidi kabla ya kusuuzwa. Bomba lifukuzwe maziwa kabla ya kuingizwa maji, na yale maziwa ya mwisho yakusanywe kwa ndama. Maji ya jibini wapewe wafugaji wa nguruwe au yafanywe bidhaa. Sabuni kali na asidi za kuoshea zikusanywe katika birika moja zivunjane nguvu kabla ya kuwafikia vijidudu, ambao hawawezi kuvumilia ukali wa moja wala wa nyingine. Mafuta yaenguliwe mapema: haya yote hayahitaji elimu ya Manchester wala ya Philadelphia, yanahitaji jicho la mtu na msimamizi asiyekubali israfu.

Nawaomba basi wenye viwanda vya maziwa, na wale wanaokusudia kuvijenga, wafanye mambo mawili kabla ya mengine. La kwanza, waanze kila siku kwa kupima maziwa yaliyoingia na maziwa yaliyotoka, na tofauti yake waiandike ukutani ambapo kila mfanyakazi ataiona, maana tofauti hiyo ndiyo mzigo wa mto. La pili, wajenge birika la kutakasa siku ile ile wanayojenga birika la kupokea maziwa, wasingoje mpaka majirani wa bondeni waje na malalamiko na samaki waliooza mikononi. Anayekunywa maji chini ya kiwanda ni mara nyingi mtoto wa yule yule aliyeleta maziwa asubuhi.